Bulvari Anspach: barabara iliyofukia muto, halafu ikafukuza motokari

Wenye wananijua wanajua mimi ni mutu wa agro: mihogo, mahindi, udongo, mbolea. Leo naomba ruhusa nitoke kidogo mu shamba nitembee mu muji. Sababu ni yale mabishano tuko nayo hapa Lubumbashi kila wakati kunapopita operesheni ya kusafisha katikati ya muji. Wamoja wanasema: mutoe bamama kwenye trotwari, barabara ipumue. Wengine wanasema: tupanue barabara, motokari zimekuwa nyingi. Na hakukosi mutu wa kufunga mazungumuzo na maneno mawili: "Muone Bulaya!"

Basi tuone Bulaya. Lakini tuione pamoja na tarehe zake, na watu wenye walilipa. Nimechagua barabara moja tu, Bulvari Anspach ya Bruxelles, kwa sababu iko katikati kabisa ya muji ule, urefu wake haufiki hata kilomita moja, na katika miaka 150 imegeuzwa kichwa chini miguu juu mara tatu.

Mwanzo haikuwa barabara. Ilikuwa muto. Bruxelles ilizaliwa ndani ya maji, juu ya visiwa vidogo vya muto Senne, na wataalamu wengi wanasema hata jina la muji linatoka kwa maneno ya kizamani yenye maana ya makao ya kwenye matope. Muto ule ulikuwa mudogo, lakini ulifanya kazi zote: kusaga nafaka, kutengeneza pombe, kuosha ngozi, kupaka nguo rangi. Karne ya 19 ilipofika, viwanda vilikuwa vimeongezeka, na vyoo vya nyumba za maskini vilimwaga palepale. Mvua kubwa ikinyesha, Senne ilipanda na kurudisha yote ndani ya nyumba. Mafuriko ya 1850 yalikuwa mabaya sana. Kipindupindu kilikuwa kimeshapita mara kadhaa. Mu 1866 kikarudi na kuua watu zaidi ya 3,000 mule Bruxelles. Sisi wenye tunajua kipindupindu cha msimu wa mvua, hatuhitaji kuelezewa sana.

Meya wa wakati ule, ama tuseme burgumestri, alikuwa Jules Anspach, kijana mwanasheria. Alikuwa na dawa mbili mu dawa moja. Ya kwanza: kuufungia muto ndani ya mapango ya matofali chini ya ardhi. Ya pili: juu ya mapango hayo kujenga mabulvari mapana sawa yale ya Paris. Architekti alikuwa Léon Suys. Kazi ilianza 1867 na ikaisha 1871. Kampuni ya Waingereza yenye ilipewa kazi iliingia mu kashfa ya pesa kuibiwa, na mwishoni muji wenyewe ukabidi kuimaliza. (Mukisikia mutu anasema kandarasi ya barabara kuliwa pesa ni ugonjwa wa Waafrika, mumukumbushe hii.)

Hapa niweke kitu kimoja wazi, kwa sababu kuna tabia ya kusema kila jiwe la Bruxelles ni kaucho yetu. Hii bulvari haina kaucho yetu. Iliisha 1871, miaka 14 mbele ya Léopold II kujitangazia Kongo. Ile arkadi kubwa ya Cinquantenaire, yenye ilifunguliwa 1905, ile ndiyo pesa ya Kongo. Tusichanganye, maana tukichanganya, siku tutadai cha kweli hawatatusikiliza.

Sasa, nani alilipa bulvari? Nyumba zaidi ya 1,000 zilibomolewa pembeni ya Senne. Zilikuwa nyumba za wafanyakazi, vichochoro vimebanana, watu wengi mu chumba kimoja. Anspach alisema ni kwa ajili ya afya yao. Na ni kweli kwamba kufunga maji machafu kulileta faida kwa afya. Lakini zile nyumba mpya hazikujengwa kwa ajili yao. Zilijengwa kwa matajiri, na cha kuchekesha ni kwamba matajiri hawakuzitaka! Babourgeois wa Bruxelles walipenda nyumba yao peke yao na jardini yake, kule juu, si apartema kwenye gorofa ya nne katikati ya muji. Muji ukabidi kuandaa mashindano ya sura nzuri za nyumba ili kuvutia wajenzi. Wakati huo, wenye walifukuzwa walikuwa wamekwenda kubanana mu mitaa mingine, hasa Marolles, mutaa wa maskini chini ya kilima.

Mushike hilo jina, Marolles. Tutalikuta tena.

Kule Marolles walikuwa tayari na shida yao nyingine. Kuanzia 1866 architekti Joseph Poelaert alijenga juu ya kilima Palais de Justice, jengo kubwa ajabu, na nyumba za mutaa huo zikavunjwa pia. Toka siku zile, mu lugha ya Marolles neno "architekti" likawa tusi. Kweli kabisa. Unagombana na mutu kwenye soko, unamuita architekti. Wanafunzi wa ujenzi mwenye wananisoma, mutanisamehe.

Anspach alikufa 1879, bulvari ikapewa jina lake. Kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa kutembea: Bourse yenye nguzo zake toka 1873, makafé, tramu. Halafu motokari zikafika, na Bruxelles ikazipenda kuliko miji mingi ya Bulaya.

Mwaka wa kukumbuka ni 1958, mwaka wa Expo. Ili wageni wafike na motokari zao, serikali ilichimba matineli na kujenga mabarabara ya haraka kuzunguka katikati ya muji. Hiyo Expo sisi tunaikumbuka kwa kitu kingine: waliweka "kijiji" cha Wakongomani, watu wanakiangalia kutoka nje ya uzio, wanawatupia maneno na vitu, mupaka wale Wakongomani wakakataa na kurudi kwao mbele Expo iishe. Lakini mu mambo ya barabara pia, 1958 ilifundisha Wabelgiji kwamba muji wa kisasa ni muji wa motokari. Hata Grand-Place, kile kiwanja chenye kila mutalii anapiga picha leo, kilikuwa parkingi. Mutafute picha za zamani: motokari zimejipanga mbele ya zile nyumba za dhahabu sawa ng'ombe kwenye zizi.

Na mu 1960, katika kilele cha mapenzi hayo ya motokari, baba zetu walifika. Table Ronde ilianza mwezi wa kwanza mwaka ule. Wajumbe wengi walilala Hoteli Plaza, kwenye Bulvari Adolphe Max. Ile bulvari ni ndugu wa Bulvari Anspach, ilizaliwa katika kazi ileile ya kufukia Senne. Ndipo palepale Grand Kallé na African Jazz walipiga kwa mara ya kwanza "Indépendance Cha Cha". Mimi nilipotambua hivyo nilisimamisha kusoma kwa muda. Wimbo wenye kila ndoa hapa kwetu inaucheza, wenye mutoto wa miaka mitano anaujua, ulizaliwa kwenye bulvari ya kazi ileile ya kufukia muto. Muto wenyewe kufika wakati ule walikuwa wameshauhamisha upande wa magharibi wa muji, na mapango ya Anspach yalibaki matupu.

Hayakubaki matupu sana. Mu miaka ya 1970 waliyatumia kupitisha tramu chini ya ardhi, na mu 1976 laini hiyo ikafunguliwa. Hapo mimi naona hila. Walituambia ni maendeleo ya usafiri wa watu wote. Lakini muangalie nani aliteremushwa chini: ni mutu wa tramu, mwenye hana motokari. Kule juu, kwenye jua na hewa, wakabakisha laini nne za motokari. Fontani kubwa ya Place de Brouckère, yenye walijenga kwa kumbukumbu ya Anspach mwenyewe, waliing'oa kwa ajili ya kazi hizo na kuiweka kwingine. Makafé yakafunga, watu wenye mali wakahamia nje ya muji, na bulvari ikawa mahali pa kupita, si pa kufika.

Hata hivyo, Marolles hawakulala. 1969 serikali ilitaka kupanua Palais de Justice na kubomoa tena nyumba zao. Safari hii wenyeji walikataa, walifanya mikutano, na walishinda. Hiyo wanaiita vita ya Marolles.

Turuke mupaka 2012. Philippe Van Parijs, profesa wa filozofia, ule mwenye anajulikana sana kwa wazo la kumupa kila raia pesa kidogo kila mwezi bila sharti, aliandika gazetini kuwaomba watu waende kukaa katikati ya barabara mbele ya Bourse, na chakula chao, siku ya yenga. Aliita wazi wazi kutotii sheria. Tarehe 10 mwezi wa sita 2012, mamia kwa mamia wakafika: bibi na bwana, watoto, mikate, matunda, vitambaa chini ya lami. Motokari zikakosa njia. Walirudi tena na tena. Kwa mutu mwenye anafikiri filozofia haina kazi, hii ni jibu: barabara ilifungwa na mukate na jibini.

Burgumestri mupya, Yvan Mayeur, alichukua wazo. Tarehe 29 mwezi wa sita 2015, Bulvari Anspach ikafungwa kwa motokari. Kwa siku za majaribio waliweka meza za ping-pong, viti vya mbao, maua mu masanduku. Wenye maduka walipiga kelele: wateja wetu wanakuja na motokari, mutatuua! Wengine kweli waliumia. Na bahati haikuwa upande wa bulvari, maana mwezi wa kumi na moja 2015 muji ulifungwa kwa kuogopa magaidi, halafu tarehe 22 mwezi wa tatu 2016 mabomu yaliua watu 32 kwenye uwanja wa ndege na mu metro. Uchumi wa katikati ya muji ulishuka. Hapo ni vigumu kusema ni asilimia gani ya hasara ilitoka kwa kufunga barabara na ngapi ilitoka kwa hofu, na wenye wanasema wanajua hesabu kamili, mimi siwaamini sana.

Lakini kwa siku zile za mwezi wa tatu 2016, watu walikwenda wapi kulia? Walikwenda Bourse. Maua, mishumaa, bendera za kila inchi kwenye ngazi, maandishi ya choki chini. Kama motokari zingekuwa zinapita pale, wangesimama wapi?

Sasa Marolles. Mupango wa Mayeur ulikuwa na mukia. Alisema: motokari zikitoka kwenye bulvari, lazima zipate pa kupita na pa kulala. Kwa hiyo alichora njia ya kuzungusha motokari mu barabara ndogo za pembeni, na parkingi mpya nne chini ya ardhi. Moja ya hizo parkingi ilipangwa chini ya Place du Jeu de Balle. Ni nini pale? Ni soko la vitu vya zamani, kila siku, katikati ya Marolles! Tena wale wale. Mutu wa bulvari atembee kwa raha, na muuzaji wa sahani za zamani achimbiwe shimo kwa miaka. Wenyeji wakakusanya maelfu ya sahihi, wakajaza mikutano, na mwanzo wa 2015 muji ukaacha ile parkingi.

Kwangu mimi hapo ndipo moyo wa hii historia, kuliko viti na maua. Mu 1867 maskini waliondolewa ili barabara ipendeze, na hakuna mwenye aliwauliza. Mu 2015 muji ulikuwa karibu kurudia, na ulizuiwa na watu wa mutaa ule ule, wenye tayari walikuwa wamejifunza mu 1969 namna ya kusema hapana. Kumbe kupanga barabara ya watu wa miguu kunaweza kuwa uonevu sawasawa na kupanga barabara ya motokari. Inategemea nani anahamishwa na nani anaulizwa.

Mayeur mwenyewe alianguka 2017, mu kashfa nyingine ya pesa yenye haikuhusu barabara. Philippe Close alimufuata na hakurudisha motokari. Kazi za kweli zilifanyika toka 2017: mawe mapya, mabenchi, miti. Malalamiko hayakuisha: uchafu, kelele za usiku, usalama. Lakini leo hakuna anayetaka kurudisha zile laini nne mwenye anasikilizwa sana.

Juu ya miti, muniruhusu, hiyo ni kazi yangu. Kupanda muti kwenye Bulvari Anspach ni hesabu ngumu, kwa sababu chini kuna dari ya tineli. Muti hauangalii upana wa barabara, unaangalia kiasi cha udongo wenye mizizi inaweza kupata, na hewa, na maji ndani ya udongo huo. Ukiweka muti mu shimo la sanduku, utaishi sawa mufungwa: utakaa mudogo, kiangazi utakauka, na upepo utautikisa. Ndiyo maana wanajenga vitanda vya udongo vimeinuka juu ya mawe. Ni ghali, na ni malipo ya deni la 1867 na 1976. Ukifukia kila kitu, siku moja utahitaji udongo na hautaupata.

Sasa turudi inchi yetu. Wakati watu wa Bruxelles walikuwa wanajiandaa kukaa chini na mikate yao, Kinshasa ilifanya kinyume. Bulvari du 30 Juin, yenye zamani ilikuwa Bulvari Albert Ier, ilipanuliwa karibu na sherehe za miaka 50 ya uhuru. Laini nane. Miti mikubwa ya zamani ilikatwa. Nimesikia wengi wakisifu ile barabara, na kwa mwenye motokari ni kweli inapendeza. Lakini mutu wa miguu akitaka kuvuka, anavuta pumzi, anashika mutoto mukono, anakimbia. Wengi mule Kinshasa wanakwenda na miguu. Sasa ile barabara ilijengwa kwa ajili ya nani?

Lubumbashi tuko na bahati ambayo Bruxelles haina. Chini ya barabara zetu za katikati hakuna tineli. Kuna udongo wetu mwekundu, na miti ya jakaranda yenye kila mwezi wa tisa na wa kumi inapaka muji rangi ya zambarau. Lakini muji wetu ulichorwa kwa ubaguzi: Wabelgiji walipanga katikati kwa bazungu, na Wakongomani upande wao, kule kwenye leo tunaita Kamalondo, na kati yao nafasi tupu ya kuwatenga. Mweusi alikuja katikati kufanya kazi, jioni anarudi. Mukiangalia leo namna tunasema "katikati ya muji haina mahali pa kuuza lengalenga", sauti ile ya ubaguzi bado iko ndani.

Mama mudogo wangu anauza lengalenga na matembele kwenye trotwari, karibu na pa kusimama taksi-bisi. Operesheni ikipita, anapoteza beseni, na mboga ya siku hiyo. Lakini anayemuzuia mutu kutembea pale si yeye. Nusu ya trotwari imeliwa na motokari zilizopandishwa juu yake, na hizo operesheni haiziguse. Nimesimama pale mara nyingi na kuhesabu: motokari moja iliyolala inakula nafasi ya bamama wane na meza zao.

Kwa hiyo mimi niko pamoja na wenye wanataka kujaribu. Si kwa beto, si kwa pesa nyingi. Siku ya yenga moja, avenyu moja, asubuhi mupaka jioni, bila motokari. Mistari ya choki chini kuonyesha pa kutembea, pa kuuza, na pa watoto. Jakaranda zenye ziko zisikatwe, na pale zimekufa tuchimbe shimo kubwa la kweli, si shimo la ndoo, tuweke mbolea ya samadi, na tumuandike mutu wa kumwagilia kipindi chote cha kiangazi, sababu toka mwezi wa tano mupaka wa tisa mvua haitamusaidia mutu.

Nilimuelezea mama mudogo hii yote, Bruxelles, Senne, Marolles. Alisikiliza akichambua majani. Halafu akauliza: "Na taksi-bisi itasimama wapi?" Yeye anauza kwa wenye wanashuka kwenye taksi-bisi, taksi-bisi ikihamishwa, wateja wanahama nayo. Bruxelles walipofunga bulvari, metro yao iliendelea kupita chini ya miguu, na watu walitoka palepale katikati. Sisi kituo lazima kiwe juu, kwenye kona ya avenyu ya pembeni, karibu kiasi cha mutu mwenye ana beseni kichwani kutembea bila kupumuzika njiani. Kama tunachora hiyo ramani, tuanzie pale, mbele ya mabenchi.